Wenye Nyumba Walioketi Ngazini

Magoti yangu yamestaafu mwaka huu, nami nimeyafuata. Wasichana wanaofunzwa kazi hapa mtaani kwetu Likoni kabla ya kupanda ndege wameniomba niwaandikie niliyoyaona, maana nikiwasimulia kwa mdomo hucheka, kisha wakasahau. Basi naandika. Ya mshahara sitayagusa, shangazi zenu watawauliza hayo mpaka mchoke. Vyeo navyo katika kazi ya kuuguza wazee havipo. Unaingia ukiwa mhudumu, unatoka ukiwa mhudumu mwenye maumivu ya kiuno.

Niliondoka miaka ile mawakala walipokuwa wakizunguka mitaa yetu kama wauza maandazi, kila mlango wanapiga hodi. Mafunzo yalikuwa wiki mbili. Tulifunzwa kufagia kwa mashine, kupiga kanzu pasi, na kuitikia "naam" kwa sauti ya unyenyekevu. Hakuna aliyetufunza kumgeuza mtu mzima kitandani bila kumchubua ngozi. Riyadh tulikalishwa kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alipokuja, akachukua pasipoti yangu, akasema "yalla" na kutangulia mbele. Nilimfuata nikitazama viatu vyake, kwa sababu sikuthubutu kuinua macho.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa babake kafili, mzee aliyepooza upande mmoja. Nilimkuta pale Akinyi, mwanamke wa Siaya, mwenye miaka miwili katika nyumba ile. Yote ninayoyajua yalitoka kwake. Alinifunza kutandika shuka la pili lililokunjwa, la kumgeuzia mgonjwa, ili uvute nguo na usivute mtu. Alinifunza kukagua visigino kila asubuhi kabla ya kukagua uso, maana kidonda huanzia kule watu wasikotazama. Alinionyesha kuzungushia mpini wa kijiko kitambaa, uwe mnene, mkono dhaifu upate kuushika.

Mzee alikuwa na tabia ya kuzungumza na kona ya chumba. Siku ya kwanza nilimwambia, kwa Kiarabu changu cha wiki mbili, kwamba kule mafi mtu, hakuna mtu. Akalia hadi jioni. Akinyi akanivuta jikoni.

"Wewe Mejumaa, sikiza. Usibishane na yeye. Ukimwona anaongea na mtu, muulize huyo mgeni wake anakunywa chai ama kahawa."

"Na kama hakuna mtu?"

"Kama hakuna, chai itabaki na utaikunywa wewe. Si hata wewe uko na kiu?"

Kanuni hiyo nimeitumia maisha yangu yote, na ndiyo iliyoniingiza katika jambo ninalotaka kuwasimulia. Mzee alipofariki, Akinyi alikuwa amekwisha kurudi kwao, na kafili akaihamishia kafala yangu, yaani udhamini wangu, kwa mwenzake wa biashara, aliyekaa Jeddah.

Nyumba ya Jeddah ilikuwa ghorofa ya pili katika mtaa wa Al-Nuzha, na familia ilikuwa ya Kipalestina yenye pasipoti za Jordan. Baba alisafiri mno kwa biashara zake, hata picha yake nimeizoea kuliko sura yake. Aliyeiendesha nyumba alikuwa mkewe, Madam Samira, mwalimu wa shule. Mgonjwa wangu alikuwa mama mzazi wa Madam, tuliyemwita Hajja. Madam naye alikuwa na ikama, kibali cha mgeni kukaa nchini, kama mimi, tofauti ni kwamba yake alikaa nayo mwenyewe.

Ukutani mwa ukumbi, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya Kaaba, palikuwa na picha ya mlima iliyopigwa kutoka angani. Juu ya mlima pamejengwa kijiji kidogo cha walowezi wa Kiisraeli, nyumba hamsini hivi zenye mapaa mekundu, zimezunguka kama watu walioketi kula sinia moja. Kuna uzio, barabara moja, lango moja na tangi la maji. Hajja aliolewa kwenye mlima huo, wakati ukiwa mashamba ya milozi na mizeituni ya baba mkwe wake. Alikimbia vita akiwa na mtoto mmoja, na hakurudi tena. Madam husema ardhi ni yao na karatasi wanazo. Wanaokaa kule husema ni yao, na wana maandiko yao na mahakama zao. Mimi si kadhi. Ninachojua ni kwamba kila mwaka Madam alitoa picha mpya kwenye kompyuta, akaibandika juu ya ile ya zamani, na Hajja alivaa miwani akahesabu mapaa yaliyoongezeka.

Alikijua kijiji kile kuliko mtaa wa Al-Nuzha, ambao hakuwa akitoka kuuona. Alijua nani ameongeza chumba na nani amepanda miti. Nyuma ya nyumba ya mwisho, karibu na tangi, palikuwa na duara la buluu. Yeye alishikilia kwamba ni kisima. Madam alimwambia ni lile turubai lililowambwa la watoto kurukarukia. Hajja alifikiri kidogo, akasema, "Basi wana watoto."

Mwaka wangu wa pili pale, kichwa chake kilianza kulegea. Kwanza alisahau majina, kisha sala, kisha akasahau kwamba mumewe amekufa na ikabidi tumzike upya kila wiki. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Halafu alasiri moja, wakati wa usingizi wa mchana, nyumba nzima kimya na mashine ya baridi ikinguruma, nilimpelekea supu, akausukuma mkono wangu.

"Siwezi kula chakula cha watu," alisema.

"Chakula chako hiki, Hajja."

"Tumeingia nyumba ya watu, binti. Wewe huoni?" Akanishika mkono hadi ukumbini, akaweka kidole juu ya picha, kwenye paa la mwisho karibu na duara la buluu. "Tuko hapa. Na wenyewe wako nje."

Nilikumbuka kanuni ya Akinyi, nikamwuliza wako wangapi. Akasema wawili, mwanamke na mtoto, wameketi ngazini. Mwanamke amevaa gauni jeusi lenye tarizi nyekundu kifuani, na amebeba karai la kukandia unga. Mtoto ni wa kike, ana kiatu kimoja. Hawagongi wala hawasemi. Wanangoja tu.

Nilichungulia kwenye tundu la mlango. Niliona ngazi, ukuta wa rangi ya maziwa, na jua la alasiri limelala juu ya vigae. Nilimwambia nitawapelekea chai. Akasema wapelekee mkate na mafuta ya zeituni, na maji, mtoto ana kiu. Niliweka sahani kwenye ngazi ya tatu nikaifunika kwa kitambaa. Kabla ya magharibi nilikwenda kuichukua. Mkate haukuwapo na glasi ilikuwa tupu. Jeddah ina paka wengi, na paka hula mkate wakikosa samaki, hilo nalijua. Lakini kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara nne na kuwekwa kando ya sahani. Nilimwuliza bawabu wa jengo, akaapa kwamba hakupanda juu siku ile. Tangu hapo nikawa nikishuka ngazi zile nikipita upande wa ukutani, kuacha nafasi, na sikumweleza mtu.

Hajja hakula siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Maji alikunywa kwa kuibiwa, namtia kijiko akiwa usingizini. Alikataa hata kitanda, alilala sakafuni pembeni ya mlango kwa kuwa godoro lina wenyewe. Ukimwambia hii ni Jeddah, hii ni nyumba ya mwanao, alikutazama kwa huruma kama unayemdanganya mtoto. Daktari alikuja, akasema tungoje hadi Jumamosi. Asipokula, apelekwe hospitali apitishiwe mpira puani, na kwa kuwa atauchomoa, afungwe mikono. Hajja alipokuwa na akili zake alimwapisha mwanawe, mbele yangu, asije akafungwa mikono. Madam alikwenda bafuni akafungulia maji ili tusimsikie akilia. Tulimsikia.

Ijumaa nilifanya nilichokifanya. Inafaa mjue kilitoka wapi. Kwale nilikozaliwa, watu wengi wamezaliwa juu ya shamba lisilo lao. Nyumba ni yako, minazi umeipanda wewe, lakini ardhi ina mwenyewe, na huyo mwenyewe hujapata kumwona. Anayekuja ni msimamizi wake. Husimama uani, akakohoa, akatazama minazi, akakataa kiti, akatoa salamu za mwenye shamba. Mama alimwogopa, lakini jioni ya siku ile alikula akashiba. Miezi iliyomkondesha ni ile ambayo msimamizi hakuja. Mtu anayeishi kwenye ardhi ya mwenziwe anaweza kuvumilia mengi, ila hawezi kuvumilia kutojua amesemwa nini.

Basi Madam alipokuwa ametoka kwenda duka la dawa, nilimwambia Hajja, "Mimi nitazungumza nao." Nikatoka, nikaacha mlango wazi kidogo ili asikie. Nilisimama juu ya ngazi nikitazama chini. Nikasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu changu kingenitoka vibaya, "Hamjambo. Huyu mama ni mgonjwa. Hakuja kwa ubaya. Naomba ale na alale, mpaka mtakapoamua." Kisha nikanyamaza kiasi cha mtu kujibu. Wadogo zangu, nimewaosha maiti, nimekaa na watu wakikata roho, lakini sijapata kuogopa kama wakati ule nilipokuwa nangoja jibu. Ngurumo ya mashine ilikatika, na ngazi zikawa kimya kabisa. Nilirudi ndani kinyumenyume.

"Wamesemaje?" aliuliza Hajja.

"Wanakusalimu. Wamesema kula, lala, hawana haraka."

"Wamesema kitanda pia?"

"Na kitanda."

Akakaa kitako, akaomba supu. Alikula bakuli mbili, na mafuta yalimtiririka kidevuni, nami nikamfuta nikiwa na machozi. Jumamosi daktari alimkuta anatafuna mkate. Madam alinikumbatia. Nilimwambia ni maombi, jambo ambalo halikuwa uongo mtupu.

Kosa langu lilifuata, na ni kosa ambalo Mswahili peke yake angelifanya. Hajja aliniuliza awalipe nini wenye nyumba kwa wema wao. Mimi, kwa mdomo wangu mwepesi, nikamtafsiria msemo wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu ni utani. Yeye hakucheka. Alirudia maneno yale polepole, akayakubali. Siku ya tatu aliamka kabla yangu na kudai jembe. Jembe kwenye ghorofa ya pili halipo, nikampa upawa. Alichimbua vyungu vyote vya yasmini vya Madam kule barazani. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti na kupangusa sakafu. Nilipotaka kumzuia, akafoka kwamba mjumbe wa wenye nyumba hukaa kitini, na kama siketi, basi yeye hali. Nikaketi. Alinipa hata chai.

Ndivyo Madam alivyotukuta aliporudi kazini: mimi juu ya kochi na kikombe mkononi, mama yake sakafuni na tambara.

Hakupiga kelele. Alimwinua mama yake, akamlaza, akarudi, akasimama mbele yangu, nami nikaeleza yote tangu sahani ya kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu amenyang'anywa nyumba mara moja," alisema. "Wewe umemnyang'anya mara ya pili. Umemfanya mlowezi, Mejumaa. Umemfanya mmoja wao."

Jibu pekee nililokuwa nalo ni kwamba Hajja alikuwa amekula, na nilijua halitoshi.

"Funga mizigo yako. Halas."

Nilikuwa naelekea chumbani aliponiita. "Hao watu wako wa ngazini. Wakoje?"

"Si wangu, Madam, ni wa Hajja. Ni mwanamke mwenye gauni jeusi la tarizi, na karai la unga. Ana mtoto wa kike mwenye kiatu kimoja."

Madam alishika mgongo wa kiti. "Mguu upi ni mtupu?"

Nilisema nitauliza. Nikaenda kwa Hajja, nikarudi. "Wa kushoto."

Akaketi. Baadaye sana, tukiwa tunachambua mchicha, ndipo aliponiambia. Walipovuka mto wakikimbia vita alikuwa na miaka minne, na kiatu chake cha kushoto kilibaki kwenye matope. Mama yake hakurudi kukichukua. Kumbukumbu za mgonjwa huchanganyika, hilo nalijua, na mama aliyempotezea mwanawe kiatu hasahau. Kwa hiyo jambo lina maelezo yake. Hata hivyo niliona Madam naye ameanza kushuka ngazi kwa kupita upande wa ukutani.

Jioni ile hakunifukuza, lakini alitaka kwanza ajaribu kwa njia yake. Alimshika mama yake mikono, akamwambia kwamba hii ni nyumba yao, hakuna mtu nje, hawana wa kumwomba ruhusa. Hajja alimtazama kwa woga mkubwa.

"Wameondoka? Nani amewafukuza?"

"Hakuna aliyewafukuza, mama."

"Mmewafukuza na mtoto hana kiatu," alisema Hajja, na akafumba mdomo. Chakula cha usiku alikikataa. Na cha asubuhi. Saa sita mchana Madam alikuja jikoni nikiwa nakunja nguo zangu. Alizungumza akitazama jiko.

"Nenda ukaongee nao."

Nikaenda. Miezi saba nilikwenda, karibu kila alasiri. Sakafu sikumwachia tena, tulikubaliana na Hajja kwamba kazi yake itakuwa kuchagua dengu. Alichagua dengu za jeshi zima. Wakati mwingine niliporudi kutoka ngazini Madam aliuliza, kama anayeuliza habari za sokoni, "Hawajambo?" Nami nilijibu, "Hawajambo."

Hajja alizikwa Jeddah, mbali na mlima wowote. Nami naliandika hilo sasa ili msilingoje, kwa sababu nataka kumalizia na Ijumaa iliyotangulia. Pumzi yake ilikuwa imeshafupika. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni mwisho wa kitanda, karibu na mlango wa chumba, nikiuona ukumbi hadi mlango wa ngazini, miguu nimeinyoosha, napaka mafuta visigino vyake kila baada ya muda. Madam alikuwa upande wa kichwa.

"Binti," aliniambia, "kawaulize jambo jingine moja. Nimechoka. Nataka kulala hapa hapa mlimani, chini ya mlozi. Lakini ardhi ni yao. Siwezi kulala ndani yake bila kuwaomba."

Niliinuka kama ilivyokuwa ada. Madam akanishika bega.

"Kaa, Mejumaa. Leo nitakwenda mimi."

Alijitanda shungi vizuri, kama mtu anayekwenda ugenini, akatoka na kuurudisha mlango. Tulimsikia akizungumza kwa sauti ya chini. Kisha akanyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko vyangu vyote. Hajja alikuwa ametega sikio, na midomo yake ilikuwa ikitikisika kidogo, kana kwamba anafuata maneno. Madam aliporudi uso wake ulikuwa umelowa.

"Wamekubali, mama."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Hata mtoto."

Hajja alishusha pumzi. "Basi wafungulie. Mimi nikilala, nyumba itabaki tupu."

Madam alikwenda akaufungua mlango wa ngazini hadi mwisho, mbao zote mbili, kama tunavyofungua siku ya harusi. Akasogea kando, mgongo ukutani, mkono wa kulia kifuani, kama anavyosimama mtu wa kwao akikaribisha wageni. Kwanza macho yake yalitazama usawa wake. Kisha yakashuka, yakafika usawa wa mtoto wa miaka minne, na hapo yakatua, yakasogea polepole pamoja na kitu kilichokuwa kikitembea, kutoka mlangoni, kupitia ukumbini, kuja kwetu. Mimi ambaye miezi yote ile sikuwahi kuona mtu, nilikunja miguu yangu ili wapite.